"Mlima Haukimbii": Maisha ya Vittorio Sella, Mpiga Picha na Mpanda Milima

Katika mkutano mmoja wa chama chetu tulikuwa tukijadili kazi ambazo mtu anaweza kuzifanya akimaliza shule. Waliotaka udaktari walikuwa wengi, waliotaka uanasheria nao hawakukosa. Kisha mwenzetu mmoja akasimama akasema kwamba yeye angependa kuwa mpiga picha wa milima na mandhari. Lo! Kicheko kilichozuka hapo kilisikika hadi jikoni. Mwenzetu mwingine, ambaye ulimi wake sote tunaujua, akauliza, "Hiyo nayo ni kazi? Ukimpiga picha simba nitakuelewa, simba hukimbia. Hata bibi harusi hutembea. Lakini mlima! Mlima haukimbii, bwana. Usipoupiga leo utaupiga kesho." Mwalimu mlezi akagonga meza, tukaendelea na ajenda.

Lakini swali lile halikuniondoka. Je, ni kweli kwamba picha ya mlima ni kazi ya mtu asiye na kazi? Nimeona heri nilijibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja, Mwitalia aliyeitwa Vittorio Sella. Sikumchagua kwa sababu ya umaarufu wake tu. Mtu huyu alipita hapa kwetu: alishuka Mombasa mwaka 1906, akapanda gari la moshi hadi Kisumu, akavuka ziwa kwa meli kwenda Uganda, na huko akafanya kazi ambayo mpaka leo wanasayansi hawajaacha kuitumia.

Nyumbani kwao

Sella alizaliwa tarehe 28 Agosti 1859 katika mji wa Biella, kaskazini mwa Italia, chini kabisa ya milima ya Alps. Biella ni mji wa viwanda vya sufu, na ukoo wa Sella ulikuwa mmoja wa koo zenye viwanda hivyo. Kwa hivyo hakuwa mtoto wa maskini, na ni vyema tuliseme hilo mapema, maana mambo atakayoyafanya yalihitaji pesa si haba.

Baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, alikuwa mtu wa kemia. Mwaka 1856, wakati ambapo watu wengi duniani walikuwa hawajawahi kuona picha hata moja, mzee huyo alichapisha kitabu cha kuwafundisha Waitalia namna ya kupiga na kusafisha picha. Baba yake mdogo, Quintino Sella, alikuwa Waziri wa Fedha wa Italia, na pia ndiye aliyeanzisha chama cha wapanda milima cha nchi hiyo mwaka 1863. Basi hebu fikiria mtoto anayelelewa katika nyumba kama hiyo: huku kuna chupa za dawa za picha, huku kuna kamba na viatu vya misumari, na ukifungua dirisha unaiona milima yenye theluji. Angekuwa nani mwingine?

Uzito wa picha

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu sisi wa siku hizi tumezoea simu. (Ndiyo, najua shuleni haziruhusiwi.) Unabonyeza, picha ipo, usipoipenda unaifuta. Katika ujana wa Sella mambo hayakuwa hivyo hata kidogo.

Njia aliyoanza nayo ilikuwa hivi. Unachukua bamba la kioo safi, unalimwagia uji mwepesi wa dawa iitwayo kolodioni, kisha unalitumbukiza katika maji yenye dawa ya fedha. Nasema fedha ile ya mikufu, si ya mfukoni. Sasa bamba limekuwa na uwezo wa kuona mwanga. Lakini uwezo huo unadumu wakati dawa bado ni mbichi tu. Ikikauka, kazi imeharibika. Maana yake ni kwamba ndani ya dakika chache lazima uwe umelipaka bamba gizani, umelitia katika kamera, umepiga picha, na umelirudisha gizani kulisafisha. Kwa hivyo mpiga picha aliyetaka kufanya kazi mlimani alipanda na hema lake la giza, chupa zake za dawa, maji yake, na vioo vyake. Huko juu upepo unavuma, na vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Baadaye yalikuja mabamba makavu, ambayo dawa yake imechanganywa na jelatini. Haya yalitengenezwa mapema, yakabebwa yakiwa tayari, na yakasafishwa siku nyingi baadaye. Huo ulikuwa ukombozi. Mtu mwingine yeyote angesema sasa mzigo umepungua, tushukuru Mungu. Sella alifanya kinyume! Aliagiza kutoka London kamera kubwa ya kampuni ya Dallmeyer, iliyotumia mabamba ya sentimita 30 kwa 40. Kipimo hicho ni kama kioo kimoja cha dirisha la darasa. Ukipiga hesabu, kioo cha ukubwa huo chenye unene wa milimita 3 kinakaribia kilo moja. Mabamba 12 ni karibu kilo 12, na bado hujahesabu kamera yenyewe, miguu yake mitatu na masanduku. Na kioo ni kioo: ukianguka nacho kwenye mwamba, kazi ya mwezi mzima imekuwa vigae. Ilimbidi Sella abuni mwenyewe mikoba na matandiko maalumu ya wanyama ili mabamba yasivunjike njiani.

Kwa nini ajitese hivyo? Sababu yenyewe ni ya kiufundi. Siku hizo ilikuwa vigumu kuikuza picha ndogo bila kuiharibu, kwa hivyo walilaza bamba juu ya karatasi yenye dawa na kuchapa picha kwa ukubwa uleule wa bamba. Bamba likiwa dogo, picha nayo ni ndogo. Likiwa kubwa, unapata picha ambayo unaweza kuisogelea na kuona ufa mmoja mmoja katika barafu, na jiwe moja moja. Sella hakutaka picha ya kusema tu "ule pale mlima." Alitaka mtu aliyeketi mezani aweze kuufuata mlima kwa kidole, kutoka bondeni hadi kileleni, na kuijua njia.

Kijana wa miaka 22

Sasa tuje kwenye miguu yake, maana kamera haikupanda peke yake.

Kuna mlima mmoja mpakani mwa Italia na Uswisi uitwao Matterhorn. Waitalia huuita Cervino. Una mita 4,478, na umbo lake ni kama pembe iliyochongwa. Ulipandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1865, na katika kushuka watu 4 kati ya 7 walianguka wakafa. Hiyo ilikuwa katika msimu wa joto. Kwamba mtu aupande wakati wa baridi, miamba ikiwa imefunikwa na barafu na mchana ukiwa mfupi, wengi waliona ni wazimu. Sella alijaribu zaidi ya mara moja akarudi mikono mitupu. Tarehe 17 Machi 1882, akiwa na waelekezi kutoka ukoo wa Carrel, akiwemo mzee Jean-Antoine Carrel mwenyewe, alifika kileleni na kushukia upande wa pili, Uswisi. Alikuwa na umri wa miaka 22. Mwaka 1884 alifanya vivyo hivyo katika Monte Rosa, na mwaka 1888 akauvuka Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya Alps, tena wakati wa baridi.

Ninayataja haya si kwa ajili ya sifa. Mtu akiweza kupanda wakati wa baridi, ana uwezo wa kusimama mahali ambapo wapiga picha wengine hawawezi kufika, na kukaa hapo mpaka mwanga uwe anaoutaka. Ndiyo siri yake. Wapiga picha walioshinda Sella katika studio walikuwepo. Wapandaji walioshinda Sella kwa nguvu pia walikuwepo. Ila wote hao hawakuwa mtu mmoja.

Safari zake nyingine nitazipitia mbio. Alikwenda Caucasus mara tatu, 1889, 1890 na 1896, na katika safari ya kwanza alifika kileleni mwa Elbrus, mita 5,642. Mwaka 1897 alikuwa Alaska na mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo, Duki wa Abruzzi, nao wakawa watu wa kwanza kusimama juu ya mlima Saint Elias. Mwaka 1899 aliandamana na Mwingereza Douglas Freshfield kuuzunguka mlima Kangchenjunga katika Himalaya, safari iliyokumbwa na theluji nyingi isiyotarajiwa. Wapandaji huichukia theluji ya namna hiyo. Sella kwa upande wake alipata vilele vyeupe pe! ambavyo picha zake husifiwa hadi leo.

Mwaka 1906: Milima ya Mwezi

Tangu zamani za Ptolemy kulikuwa na habari ya Milima ya Mwezi, ati ndiyo iliyozaa mto Naili. Watu wa Ulaya walibishana kama milima hiyo ipo au ni hadithi. Wakonzo waliokuwa wakiishi miguuni pake hawakuwa na ubishi wowote, waliiona. Stanley alipopita huko mwaka 1888 alibahatika kuona theluji mawingu yalipofunguka kidogo. Na hapo ndipo penye shida ya Rwenzori: mawingu. Hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo hupanda, hupoa, na kuifunika milima siku nyingi za mwaka. Mtu anaweza kukaa Fort Portal wiki nzima asijue kwamba mbele yake kuna milima ya zaidi ya mita 5,000.

Mwezi wa Mei 1906 Duki wa Abruzzi alishuka Mombasa na wenzake. Sella alikuwa mmoja wao, akiwa na umri wa miaka 46, pamoja na msaidizi wake wa siku zote, Erminio Botta. Miongoni mwa waelekezi walikuwemo César Ollier na Joseph Brocherel. Majina hayo tuyatie alama, kwa sababu ndio hao hao waliompeleka Halford Mackinder kileleni Batian, katika Mlima Kenya, mwezi Septemba 1899. Kumbe hadithi ya Rwenzori na ya mlima wetu zimefungwa kwa kamba moja.

Reli iliwafikisha Kisumu, ambako wakati huo stesheni yake iliitwa Port Florence, na meli ikawavusha hadi Entebbe. Kutoka hapo ni miguu, wiki mbili hivi hadi Fort Portal, msafara mrefu wa wapagazi wenye mizigo vichwani. Kisha wakaingia bonde la mto Mubuku. Aliyewahi kupanda Mlima Kenya katika safari ya jiografia atakumbuka matope ya ule ukanda wa majani magumu. Basi zidisha mara kumi. Rwenzori ni matope, kuvu, miti iliyovikwa ndevu za kijani, lobelia ndefu kumshinda mtu, na mvua juu ya mvua. Kambi yao kuu, Bujongolo, ilikuwa chini ya mwamba uliojitokeza kama upenu wa nyumba.

Tarehe 18 Juni 1906 Duki, pamoja na Petigax, Ollier na Brocherel, alifika vilele viwili vya juu kabisa. Kimoja alikiita Margherita, jina la malkia wa Italia. Chenye mita 5,109. Cha pili akakiita Alexandra, jina la malkia wa Uingereza. Sella hakuwa nao siku hiyo. Kazi yake ilikuwa nyingine: kuutafuta ule upenyo wa dakika chache ambapo pazia la mawingu linafunguka. Wakati huu alikuwa amepunguza ukubwa wa kamera, lakini bado ilikuwa ya mabamba na miguu mitatu. Alipanda alfajiri, akasimika kamera, akapima, akangoja. Likifunguka, apige haraka. Na mara nyingi picha moja haikutosha; alipiga mfululizo wa picha, akiizungusha kamera kidogo kidogo bila kuiinamisha, ili baadaye ziunganishwe ziwe mandhari moja ndefu. Picha ya tatu ikifunikwa na wingu, zile mbili za kwanza zimepoteza kazi. Rudi kesho.

Mlima haukimbii, alisema mwenzetu. Pale Rwenzori ulikuwa ukikimbia kila asubuhi.

Picha hizo pamoja na vipimo vya wenzake ndizo zilizoonyesha kwa mara ya kwanza kwamba Rwenzori si mlima mmoja bali ni milima 6, iliyokuwa na barafu wakati huo, iliyotenganishwa na mabonde. Mwaka 1908 zilitoka katika kitabu kikubwa kilichoandikwa na Filippo De Filippi, ambaye, ajabu, mwenyewe hakwenda Rwenzori. Alitumia kumbukumbu za walioenda.

Hapa nina neno. Tazama ramani ya Rwenzori utaona majina: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, Luigi di Savoia. Kuna hata kilele kiitwacho Sella. Lakini mizigo ilipandishwa na Wakonzo, wengi wao bila viatu, katika baridi ambayo wapagazi waliotoka nchi za chini hawakuizoea. Sanduku la vioo lisipobebwa kwa uangalifu hakuna picha, hakuna kitabu, na hakuna makala hii. Botta tunamjua kwa jina, na anastahili. Hao wengine wanaitwa "wapagazi," basi. Simlaumu Sella peke yake; ndivyo vitabu vya enzi hiyo vilivyoandikwa. Ila sisi tunaosoma leo si lazima tusome kwa macho ya enzi hiyo.

Isitoshe, mahali pale palikuwa na mwenyewe. Kwa Wakonzo theluji ni makao ya Kitasamba, mungu wao wa milimani. Hawakuhitaji kamera ili waiheshimu.

Uzee

Mwaka 1909, akikaribia miaka 50, Sella alikwenda tena na Duki, safari hii kwenye K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mita 8,611. Hawakufika kileleni. Hata hivyo picha alizozileta kutoka kule zilitumiwa na vizazi vya wapandaji kupanga njia zao. Duki naye, kwa kukumbusha tu, alimalizia maisha yake Afrika. Alifariki mwaka 1933 Somalia, katika kijiji cha kilimo alichokianzisha.

Sella alirudi Biella. Nilidhani angetulia. Akiwa na umri wa miaka 76 alikwenda tena kuupanda Matterhorn! Alilazimika kurudi njiani kwa sababu ya ajali iliyomjeruhi mmoja wa waelekezi wake. Alifariki tarehe 12 Agosti 1943, vita vikiendelea, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka 84. Mmarekani Ansel Adams, ambaye kila mtu wa picha za mandhari anamjua, aliziona kazi zake na kuziandikia sifa kubwa. Mabamba yenyewe yamehifadhiwa huko huko Biella.

Theluji, barafu, na mto usioonekana ukienda

Kiswahili chetu kina neno theluji, lenye asili ya Kiarabu, na neno barafu, lenye asili ya Kiajemi. Theluji ni ile inayoanguka. Barafu ni iliyoganda. Kile kitu kikubwa kilichoko juu ya milima, kinachotokana na theluji iliyoshindiliwa miaka na mikaka, wengi tunakiita mto wa barafu. Jina hilo napenda sana, kwa sababu kweli kinatiririka, polepole mno kiasi cha kutoonekana kwa macho.

Sella alipopiga picha zake mwaka 1906 hakujua kwamba anaweka ushahidi. Wataalamu wa miaka ya baadaye wamekwenda Rwenzori na nakala za picha zake, wakatafuta sehemu zile zile alizosimama, wakalinganisha mwamba kwa mwamba. Hili linawezekana tu kwa sababu picha zake zina undani ule alioutolea jasho. Inakadiriwa kwamba mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 6 na nusu hivi. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa chini ya kilomita moja ya mraba, na imeendelea kupungua. Sababu zinazotajwa ni kupanda kwa joto na mabadiliko ya unyevu wa hewa na mawingu. Mlima Kenya nao uko katika safari hiyo hiyo. Barafu ya Lewis, ambayo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote pale, imepasuka vipande.

Nilipokuwa nikiandika makala haya, mwalimu wa jiografia alinipatia picha mbili za sehemu moja ya Rwenzori, ya Sella na ya karibuni. Nilizipeleka bwenini nikampa yule mwenzetu wa ulimi. Katika ya kwanza barafu imeshuka kutoka kileleni kama shuka lililoanikwa. Katika ya pili ni mwamba mweusi, na weupe kidogo pembeni. Alizitazama kwa muda mrefu, akazigeuza, akatafuta maandishi nyuma.

"Hizi ni za mlima mmoja?" akauliza.

Nikamwonyesha lile jiwe la mbele lenye ufa, lililomo katika picha zote mbili.